Je, Kihaya Kilisemwa Angani?

Habari moja imezunguka dunia kwa miaka mingi miongoni mwa wapenzi wa sinema. Inasema kwamba katika filamu moja ya Marekani ya mwaka 1983, inayohusu vita vya mbali huko kwenye nyota, yumo rubani mmoja mwenye masikio makubwa na mashavu yaliyoning'inia, ambaye hasemi Kiingereza kama wenzake. Yeye husema Kihaya. Na habari hiyo huongeza jambo moja zaidi: kwamba Kihaya ni lugha ya Kenya.

Mkazi wa Mwanza hahitaji ramani ili kuling'amua kosa hilo. Kwa vizazi kadhaa meli za Bukoba zimeng'oa nanga jioni katika bandari yetu zikiwa zimejaa abiria na mizigo, na kutia nanga asubuhi katika nchi ya Wahaya. Hata mtoto wa shule ya msingi ajua kwamba Bukoba haiko Kenya. Basi nusu ya pili ya habari hiyo haina miguu ya kusimamia. Lakini nusu ya kwanza je? Ni kweli kwamba lugha ya kando ya Ziwa Victoria ilipata kusemwa ndani ya chombo cha angani, mbele ya mamilioni ya watazamaji?

Swali hili laweza kuonekana kuwa la mchezo. Hata hivyo, mzazi mwenye kijana nyumbani anajua jinsi filamu za namna hii zinavyoshika akili za watoto. Huchora vyombo vya angani katika madaftari ya hesabu, hupigana kwa fimbo wakisema ni panga za mwanga, na huiga sauti za maharamia wa sayari za mbali. Wazazi wengine hukasirika, na wengine hucheka. Ni vyema tujue jambo hili lilianzia wapi, limefanywa na nani, na sisi wa ukanda wa ziwa tuna sehemu gani ndani yake.

HADITHI YENYEWE

Filamu ya kwanza ya mfululizo huo iitwayo Star Wars, yaani Vita vya Nyota, ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Mei 1977. Mtungaji na mwongozaji wake alikuwa George Lucas. Gharama ya kuitengeneza ilikuwa kiasi cha dola milioni 11, na siku ya kwanza ilionyeshwa katika majumba ya sinema yapatayo 32 tu, kwa kuwa wenye majumba wengi hawakuitarajia kufaulu. Kisa chake ni cha kale kuliko roketi: kijana wa shamba aliyelelewa na mjomba, mzee mwenye hekima, binti wa kifalme aliyetekwa, na dhalimu aliyevaa nguo nyeusi. Mtu yeyote aliyekulia katika ngano za bibi angekielewa bila kufundishwa.

Ya pili ilifuata mwaka 1980, na ya tatu, Return of the Jedi, mwaka 1983. Kisha zikaja nyingine tatu kati ya mwaka 1999 na 2005. Mwaka 2012 kampuni ya Disney ilimnunulia Lucas kampuni yake kwa dola zipatazo bilioni 4, na filamu iliyotolewa Desemba 2015 ikaingiza zaidi ya dola bilioni 2 duniani kote.

Fedha hizo hazikutoka kwenye tiketi za sinema peke yake. Kuna mkasa mmoja ambao wazazi wanaohangaika na bajeti ya sikukuu watauelewa upesi. Krismasi ya mwaka 1977 ilipokaribia, kampuni iliyopewa kibali cha kutengeneza wanasesere wa filamu hiyo haikuwa imewahi kuwamaliza. Badala ya kungoja, iliuza kasha la karatasi ngumu lenye picha na hati, ili mtoto aijaze hati hiyo, aipeleke kwa posta, na apate wanasesere wake wanne mwaka uliofuata. Kwa maneno mengine, wazazi walinunua sanduku lisilo na kitu ndani yake, na watoto wakalala nalo wakilitazama kwa furaha. Biashara ilikwisha kugundua kwamba mapenzi ya mtoto kwa hadithi ni bidhaa inayouzika hata kabla ya kutengenezwa.

Lakini wapenzi wa filamu hiyo hawakubaki kuwa wanunuzi. Mwaka 1997 Mmarekani mmoja, Albin Johnson, alianzisha kikosi cha hiari cha watu wanaojishonea na kujichongea wenyewe mavazi ya askari weupe wa filamu hiyo. Kikosi hicho, kiitwacho cha 501, kilienea katika nchi nyingi, na wanachama wake hutembelea hospitali za watoto na kuchangisha fedha za misaada. Baadaye, mnamo mwaka 2009, wapenzi walialikwa kuigawanya filamu ya kwanza katika vipande vya sekunde 15, kila mmoja achague kipande chake na kukiigiza upya nyumbani kwa namna apendavyo. Wengine walitumia maboksi, wengine wanasesere, wengine michoro ya mkono. Vipande vikaunganishwa kuwa filamu nzima, na mwaka 2010 kazi hiyo ikapata tuzo ya Emmy, ambayo ni tuzo kubwa ya televisheni huko Marekani.

SAUTI YA MWANAFUNZI

Sasa turudi kwa yule rubani. Jina lake katika hadithi ni Nien Nunb, naye huketi kando ya nahodha Lando Calrissian katika mapigano ya mwisho ya filamu ya 1983. Mwili wake ni kinyago. Sauti yake ni ya binadamu, na binadamu huyo ni mwana wa Afrika Mashariki: Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi huko Marekani wakati huo.

Fundi wa sauti wa filamu hizo, Ben Burtt, alikuwa na desturi ya kutafuta lugha ambazo masikio ya Wamarekani hayakuzizoea, ili viumbe wa sayari za mbali wasikike kuwa wa mbali kweli. Kwa kiumbe mmoja wa filamu ya kwanza alichukua milio ya Kikechua, lugha ya wenyeji wa milima ya Peru na nchi jirani. Kwa vijitu vyenye kofia vinavyookota vyuma jangwani, alitumia milio yenye asili ya Kizulu, akaiharakisha mpaka ikawa kama ya ndege. Kwa rubani wake, alimkalisha Rotich mbele ya kinasa sauti.

Rotich hakubwabwaja. Alisema maneno yenye maana, yanayofuata kisa kinachoendelea katika filamu, na wasikilizaji wenye kuyajua wameyatambua: ni Kikuyu, pamoja na Kikalenjin, lugha ambayo jina lake mwenyewe linaitangaza. Filamu ilipofika Kenya, watazamaji waliposikia maneno ya nyumbani yakitoka katika kinywa cha mtu wa sayari nyingine, walishangilia kwa kicheko. Wote duniani walisikia kelele za kigeni. Wao peke yao walisikia mazungumzo.

Basi jibu la swali letu ni hili: maneno ya rubani yule si Kihaya. Aliyeandika mara ya kwanza kwamba ni Kihaya alikosea, na aliyeongeza kwamba Kihaya ni cha Kenya alirundika kosa juu ya kosa, kisha maelfu wakanakili bila kuuliza. Si ajabu kwa mgeni kuchanganya, maana Kikuyu na Kihaya ni ndugu katika ukoo wa Kibantu. Mkikuyu akitaka kusema watu husema andu, na Mhaya husema abantu. Lakini undugu si kufanana pacha. Mzee wa Bukoba akikaa na mzee wa Nyeri wataokota neno hapa na neno pale, na mazungumzo yote yatawashinda mpaka watie Kiswahili katikati.

Waliosahihisha kosa hilo ni wasikilizaji wa kawaida wenye lugha yao, waliosikiliza kwa makini wakasema: hiki ni chetu, na hapa maana yake ni hii. Kazi hiyo ndogo haikulipwa na mtu, na hata hivyo imeondoa uongo uliokuwa umezunguka dunia nzima.

Je, tuione habari hii kuwa heshima au dharau? Wako watakaosema ni dharau, kwamba lugha ya watu wenye mila, sheria na mashairi imefanywa mlio wa dubwana. Hoja hiyo ina uzito. Mtu aliyechagua lugha kwa sababu tu haieleweki kwake hakuwa anaitafuta kwa ajili ya utamu wake. Lakini tumtazame pia kijana yule aliyekaa mbele ya kipaza sauti, mbali na nyumbani. Aliombwa atoe sauti ya ajabu, naye akatoa lugha ya kwao, sahihi na yenye akili. Angeweza kutoa kelele tupu na hakuna mtu katika chumba kile ambaye angejua. Aliiheshimu lugha mahali ambapo hapakuwa na wa kumsimamia.

Miaka 32 baadaye, katika filamu ya 2015, sauti ya pili ya Afrika Mashariki ilisikika katika mfululizo huo huo. Mhusika aitwaye Maz Kanata, bibi mdogo mwenye miwani mikubwa na hekima ya miaka mingi, aliigizwa na Lupita Nyong'o. Huyu alizaliwa Mexico mwaka 1983, mwaka ule ule wa yule rubani, na wazazi wake ni Wakenya wa ukanda wetu wa ziwa. Baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, alichaguliwa kuwa gavana wa Kisumu mwaka 2017. Safari hii sauti ilisema Kiingereza, na jina la mwigizaji likaandikwa kwa herufi kubwa.

NYUNDO, WAYA NA TEMBO

Vijana wengi hudhani kwamba filamu kama hizo hutoka katika mitambo ya ajabu isiyofikika. Ukichunguza jinsi ile ya kwanza ilivyofanywa, utakuta karakana isiyo mbali sana na za gereji zetu. Vyombo vya angani vilikuwa vinyago vidogo, na mafundi walivibandika vipande vilivyochomolewa katika vifaru na ndege za kuchezea zilizonunuliwa dukani, ili vionekane kuwa na mitambo mingi. Mpini wa upanga wa mwanga wa steringi ulitokana na mpini wa taa ya kamera ya zamani ya kupigia picha.

Sauti nazo ziliokotwa mitaani. Mlio wa upanga ule ni muungano wa ngurumo ya mashine ya kuonyeshea sinema na mvumo wa televisheni. Mlio wa bunduki ulipatikana kwa kugonga nyundo juu ya waya mnene unaoshikilia mnara wa redio. Pumzi nzito za yule dhalimu mweusi zilitoka katika kifaa cha wapiga mbizi. Na ule ukelele wa kutisha wa ndege za adui, unaowafanya watoto wazibe masikio, ni mlio wa tembo uliochanganywa na mlio wa gari likipita juu ya lami yenye maji. Kwa hiyo mnyama ambaye mkazi wa Mwanza anaweza kumwona kwa safari ya saa chache tu kuelekea Serengeti ndiye aliyeitisha dunia nzima kwa jina la mashine.

Watoto wa Mabatini na Igogo hawajambo katika sanaa hiyo hiyo. Hutengeneza magari ya waya yenye usukani mrefu, matairi ya ndala zilizochakaa, na taa za vizibo vya soda. Hawakufundishwa darasani. Wameona lori, wamelitamani, wakalitengeneza kwa vitu vilivyotupwa. Anayefanya hivyo na lori leo atafanya hivyo na roketi kesho akiona picha yake.

Ushahidi kwamba njia hiyo yaweza kufika mbali uko ng'ambo ya ziwa. Katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, fundi aitwaye Isaac Nabwana alianzisha kundi lake la filamu mwaka 2005. Amesimulia kwamba utotoni filamu nyingi hakuziona. Alizijua kwa kusimuliwa na ndugu zake waliokwenda kuzitazama. Kompyuta zake aliziunganisha mwenyewe kwa vipande vya kuokoteza, na mafundi wake walichomelea bunduki na hata helikopta ya maigizo kwa vyuma chakavu. Filamu yao ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex, kwa maelezo yao wenyewe haikugharimu hata dola 200. Imetazamwa na mamilioni ya watu duniani. Watazamaji hawa hawakuivumilia kwa huruma. Waliipenda kwa kuwa inaonyesha wazi furaha ya waliyoifanya.

WALI KUWA PILAU

Tanzania Bara ilianza kuwa na televisheni mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa muda mrefu, basi, picha za kigeni zilitufikia kwa njia ya majumba ya sinema mijini, na baadaye kwa kanda za video. Ndipo vikazuka vibanda vya video, vyenye mabenchi, pazia jeusi mlangoni na ada ndogo. Katika vibanda hivyo walizaliwa wasanii ambao hawajaandikiwa sifa zao za kutosha: wasimulizi.

Nchini Uganda msimulizi wa namna hii huitwa VJ, na majina kama VJ Jingo, VJ Junior na VJ Emmie yanajulikana kila kona. Kenya wana DJ Afro. Nchini kwetu aliyevuma zaidi katika miaka ya mwanzo ni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye kanda zake za kusimulia kwa Kiswahili zilikwenda mbali kuliko yeye mwenyewe. Mtafiti wa Kijerumani, Matthias Krings, ameandika juu ya sanaa hii na kuieleza kwa mfano wa jikoni unaotumika hapa kwetu: kugeuza wali kuwa pilau. Wali wameupika wengine, na viungo ni vya msimulizi.

Mfano huo una ukweli mwingi. Msimulizi hatafsiri neno kwa neno. Humweleza mtazamaji steringi ni nani na anamtafuta nani. Humpa adui jina la kumcheka. Hutabiri mtego kabla haujafyatuka. Humkaripia mhusika mpumbavu kana kwamba ni mpwa wake. Chukueni picha ya vita vya angani. Mtazamaji wa kibandani hajali chombo kinakwenda kwa nishati gani. Anataka kujua kwa nini kijana huyu amkasirikie mtu mwenye barakoa nyeusi, na atakapoambiwa kwamba yule dhalimu ndiye baba yake mzazi, kibanda kizima kitanyamaza. Hilo halihitaji kamusi ya roketi. Ni habari ya ukoo, na kila mtu ndani ya kibanda ana ukoo.

Kwa hiyo msimulizi ni mpenzi wa filamu wa aina ya pekee. Mmarekani wa kikosi cha 501 hushona vazi ili aingie katika hadithi. Msimulizi wetu huivalisha hadithi vazi la nyumbani ili iingie mtaani. Tukitafuta mchango wa Afrika Mashariki katika mapenzi haya ya dunia kwa filamu, tuutafute kwanza hapo, kwenye sauti iliyokaa kati ya picha na benchi.

Haifai kuficha upande wa pili. Kazi nyingi za namna hiyo zilifanywa bila ruhusa ya wenye filamu, na kanda zilinakiliwa na kuuzwa bila wao kupata senti. Nao wasimulizi wakaibiwa kwa njia ile ile, maana kanda zao zilinakiliwa vichochoroni na wajanja wasiowalipa. Aliyejenga nyumba juu ya kiwanja kisicho na hati hana pa kwenda kushitaki. Vijana wanaotaka kuishi kwa sanaa hii hawana budi kulifikiri jambo hilo mapema, na kuhakikisha kwamba hadithi wanayoitia viungo ni yao wenyewe.

VITA VILIVYOKUJA KWELI

Kuna jambo jingine ambalo mji wa Mwanza una haki ya kulisema, maana unalijua kwa mwili wake. Wakati watoto wa Marekani walipokuwa wakicheza vita vya nyota kwa wanasesere, sisi tulikuwa vitani. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia Kagera mwaka 1978, na majeshi yetu yakawafukuza na kuwafuata hadi kwao. Mwishoni mwa Machi 1979, ndege ya kivita ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, iliruka hadi Mwanza kwa nia ya kupiga matangi ya mafuta. Ilikosa shabaha. Makombora yaliangukia kisiwa cha Saanane, pale penye hifadhi ya wanyama, yakaua swala na kumjeruhi mfanyakazi mmoja.

Katika sinema, rubani wa adui hupiga, chombo hulipuka kwa miale ya rangi, na muziki hupanda. Kule Saanane hapakuwa na muziki. Walikuwapo wanyama waliokufa bila kujua vita ni nini, mfanyakazi aliyeumia, na mji mzima uliotazama juu usijue kama ndege nyingine inakuja. Baada ya siku chache tu, tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ilitwaliwa na vita vikaelekea ukingoni.

Mzazi anayetafuta cha kumwambia mtoto anayependa picha za vita anacho hapa. Hana haja ya kuifunga televisheni kwa hasira. Ampeleke Saanane siku ya mapumziko, kwa maana kisiwa kiko karibu na mji, amwonyeshe mahali, na amsimulie. Mtoto atakayeyajua yote mawili, filamu na kisiwa, hatachanganya mchezo na kifo.

MBINGU YA KWETU

Wengine hudai kwamba mambo ya anga si yetu, na kwamba kijana wa Kirumba anayeota kuwa rubani wa nyota anaota ndoto za watu wengine. Historia inawakanusha. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililojengwa na Waitalia baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake duniani. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Uhuru. Neno la Kiswahili lilifika angani kwa kweli, juu ya chombo cha kweli, miaka 7 kabla ya filamu ya Lucas. Mwaka 2023 Kenya nayo ikarusha setilaiti yake, na jina lake ni Taifa.

Hata kabla ya roketi, watu wa pwani na bara walizisoma nyota kwa ajili ya kazi. Kilimia kiliitwa hivyo kwa sababu kilimwambia mkulima wakati wa kulima. Na hapa ziwani, wavuvi wa dagaa huungojea usiku usio na mbalamwezi, kisha huwasha taa zao juu ya maji ili kuwavuta samaki. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za betri na za jua. Anayesimama juu ya mawe ya Mwanza usiku huo huona mstari mrefu wa nuru ambao hauonyeshi wazi mahali ziwa linapokoma na mbingu inapoanzia. Hakuna fundi wa Marekani aliyewahi kutengeneza mandhari iliyo bora zaidi kwa filamu ya anga.

Na filamu za kubuni mambo ya kesho zimekwisha kuanza kufanywa na watu wetu. Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitoa filamu fupi iitwayo Pumzi, jina la Kiswahili kitupu, juu ya dunia ya baadaye ambayo maji yamekauka na watu huishi ndani ya jengo lililofungwa, mpaka mwanamke mmoja anapopata udongo wenye uhai. Hakuna vita ndani yake. Kinachogombewa ni maji na mbegu. Msomaji anayeishi kando ya ziwa, anayejua magugu-maji na samaki wanaopungua, ataona kwamba hadithi hiyo ya kesho iko mlangoni pake.

LA KUFANYA NYUMBANI

Tufanye nini, basi, na mtoto aliyeshikwa na ugonjwa wa nyota? Kumkataza kabisa hakutafaulu, maana atazitazama kwa jirani. Kumnunulia kila kikorokoro chenye picha ya filamu nako ni kurudia lile kosa la sanduku tupu. Iko njia ya katikati, nayo haina gharama. Mzazi amtake mtoto aisimulie filamu aliyoiona, kwa Kiswahili safi au kwa lugha ya nyumbani, mbele ya ndugu zake, kwa mpangilio, bila kuruka. Kusimulia ni kazi ngumu kuliko kutazama. Humlazimisha mtoto kuchagua maneno, kupima sababu na kutambua alipodanganywa. Nabwana wa Wakaliga alianza kwa kuwa msikilizaji wa masimulizi ya namna hiyo.

Kisha amwulize: lau hadithi hii ingetokea hapa, chombo kingetua wapi? Saanane, au juu ya mawe ya Bismarck? Rubani angekuwa mtoto wa nani? Angemwomba nani maji ya kunywa, na kwa lugha gani? Mtoto akianza kujibu maswali hayo, amekwisha kutoka katika benchi la mtazamaji. Mpe waya na makopo.

Walimu wa sanaa na wa lugha nao wana nafasi yao. Darasa moja laweza kukigawanya kisa kimoja katika vipande vifupi, kila kikundi kikaigiza chake, kama walivyofanya wale wapenzi wa mwaka 2009, kwa maboksi na kanga za mama. Simu moja ya mkononi yatosha kupigia picha.

Kosa la Kihaya lilidumu miaka mingi kwa sababu waliolisoma hawakujua Kihaya, na wanaokijua hawakuwa wameulizwa. Kiti cha rubani Mhaya kingali kitupu. Vivyo hivyo cha Msukuma, cha Mkerewe na cha Mjita. Atakayekikalia huenda sasa yuko Mkuyuni au Nansio, ana umri wa miaka kumi, na amekwisha kuharibu daftari moja la hesabu kwa michoro. Kabla ya kumchapa, mwombe akusomee majina ya vyombo vyake.